Ni nani aliyemlilia Papa Wemba?

Siku ya Mungu, tarehe 24 mwezi wa nne 2016, alfajiri, mwimbaji Papa Wemba alianguka jukwaani huko Abidjan, katika sikukuu ya muziki inayoitwa FEMUA, akafa. Alikuwa na miaka 66. Alikuwa akiimba mbele ya watu wengi, na televizio ilikuwa ikipeleka picha zake palepale. Kwa hiyo tendo la kufa, ambalo kila mtu analitenda mara moja tu, na kwa kawaida mbele ya watu wachache wanaompenda, yeye alilitenda mbele ya wageni. Siku ile ile picha hiyo iliingia katika telefone za watu wa Kinshasa, wa Lubumbashi, wa Bukavu, wa Paris na wa Brussels.

Miaka imepita. Machozi ya kwanza yamekauka, na sasa twaweza kupima kilio kile bila kumwumiza mtu. Kwa maana kilio nacho hupimwa, kama vile tunavyopima wimbo au kitabu. Kiko kilio kilichofanywa vema, na kiko kilio kilichofanywa vibaya.

Mambo ya Papa Wemba mwimbaji yanajulikana. Mwaka 1969 alikuwa kati ya vijana walioanzisha orkestra Zaiko Langa Langa. Mwaka 1977 alijenga ya kwake, Viva la Musica. Penye makao yake Matonge alijifanya kama chifu wa kijiji, akakiita kijiji hicho Molokai. Aliwafundisha vijana kuvaa, wengine wanasema kupita kiasi, na jambo hilo la Sape sisi hatutaligusa leo. Lakini liko jambo ambalo wengi hawalijui, ingawa yeye mwenyewe hakulificha: mama yake alikuwa mlizi.

Jules Shungu Wembadio alizaliwa Lubefu, katika Sankuru, mwaka 1949. Mama yake aliitwa penye kilio ili aimbe maombolezo. Hiyo ndiyo kazi ya mlizi. Alipokwenda, alimchukua mtoto wake pamoja naye. Mtoto akakaa kati ya wanawake usiku kucha, akasikiliza. Alipokuwa mtu mzima na mwenye sifa, Papa Wemba alisema kwamba kuimba alijifunza pale. Yeyote aliyeisikia sauti yake, ile ya juu inayopanda na kukaa juu kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, atasadiki bila taabu.

Basi tuiangalie kazi ya mlizi, kwa sababu iko katika makabila mengi ya Congo, na wengi wetu tumeiona. Wako waliowacheka walizi wakisema: haya ni machozi ya kununua. Tena walileta Injili kuwa shahidi wao, kwamba Bwana aliwatoa nje wapiga filimbi katika nyumba ya yule mkubwa ambaye binti yake alikuwa amekufa. Lakini tusome vizuri. Aliwatoa kwa sababu binti alikuwa karibu kuamka, na kazi yao ilikuwa imekwisha. Hatuoni mahali ambapo aliwalaumu kwa kuja.

Mlizi hulia machozi ya wengine, ndiyo. Lakini kazi yake ina sheria. Sherti alijue jina la marehemu, na jina la baba yake, na la mama yake, na mahali walipotoka. Asiyejua huuliza kwanza, mbele ya kufungua kinywa. Sherti afike: hakuna mlizi anayelia akiwa kwake. Anaketi chini pamoja na wenye kilio, anakula wanachokula, anapigwa na baridi inayowapiga wao. Haanzi mpaka aambiwe. Na kilio kina mwisho wake: maiti akiisha kuzikwa, na siku zikiisha kutimia, watu wanaoga, wanafagia uwanja, moto unazimwa, na kila mtu anarudi shambani. Mlizi akiendelea kulia kisha siku hiyo, watu watamwuliza anamtafuta nani.

Kwa kipimo hiki tuangalie ile filimu ya Abidjan.

Wengi wenu mmeiona, hata kama hamkuitafuta. Wachezaji wanacheza mbele, yeye yuko nyuma yao, anaanguka, wao hawajui, wanaendelea kucheza muda kidogo, kisha mmoja anageuka, na watu wanakimbia. Ni hayo tu. Filimu hiyo haisemi jina la baba yake wala la mama yake. Haisemi aliimba nini kwa miaka karibu hamsini. Inaonyesha mwili unaoanguka, na mtu anaweza kuitazama mara mia asijue kitu zaidi kuliko mara ya kwanza. Ndiyo sababu watu waliitazama mara mia! Chakula kisichoshibisha huliwa sana.

Kwetu, mtu anapoanguka katikati ya watu, jambo la kwanza ni nini? Mama mmoja anafungua kitenge chake na kumfunika. Hangojei kujua kama amekufa au amezimia. Anamfunika kwa sababu mtu asiyeweza kujilinda uso wake, wengine wanamlindia. Kule jukwaani watu wa msaada walikuja upesi, na hatuna neno la kuwalaumu. Lakini picha haikufunikwa. Ilichukuliwa, ikakatwa vizuri, ikapelekwa, ikarudiwa, ikatiwa muziki chini yake. Gazeti lililotaka kuuza, televizio iliyotaka watazamaji, na kijana aliyetaka tu kuwa wa kwanza kati ya rafiki zake, wote walikifunua tena kile ambacho kila mama wa kijijini angekifunika.

Na kuna jambo la pili, kubwa kuliko hilo. Habari ya kifo ina njia yake. Haipigiwi kelele njiani. Anachaguliwa mzee; mzee anakwenda kwa ndugu wa marehemu, anasalimu, anaomba maji, anauliza kama mama wa nyumba amekula. Anawaketisha. Kisha anasema, na hata hapo hasemi neno lenyewe moja kwa moja. Anasema ndugu yetu ametuacha, au ugonjwa umemshinda. Namna hiyo si kuzunguka bure. Inampa mwenye kupigwa nafasi ya kukaa chini mbele ya kupigwa. Siku ile ya Abidjan, ni nani aliyewaketisha watu wa Papa Wemba? Picha haiombi maji, haiulizi kama umekula. Inalia ndani ya mfuko wako, unaifungua, na ndugu yako yuko chini.

Msiseme kwamba jambo hili haliwezekani kuzuiliwa sasa, kwa kuwa vyombo ni vipya. Tupime na kilio kingine, cha Wazungu, kilichokuwa kikubwa kuliko hiki chetu. Tarehe 31 mwezi wa nane 1997 Diana, aliyekuwa mke wa Charles mwana wa Malkia wa Uingereza, alikufa Paris kisha motokari yake kugonga nguzo katika njia ya chini penye daraja la Alma. Wapiga picha walikuwa wakimfuata kwa pikipiki, na wengine walipiga picha palepale penye ajali. Magazeti ya Uingereza, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yameishi kwa picha zake, hayakuzichapa picha za kufa kwake. Mwaka 2006 gazeti moja la Italia lilipothubutu kuchapa moja yao, watu walikasirika, na wanawe wawili walisema wazi uchungu wao. Basi, hata mahali ambapo biashara ya picha ilikuwa imekwenda mbali kabisa, watu walijua kwamba mahali fulani kuna mlango, na mlango huo hufungwa.

Hatusemi kwamba kilio cha Diana kilikuwa kizuri chote. Tarehe 5 mwezi wa tisa, siku moja tu mbele ya maziko yake, Mama Teresa alikufa Calcutta, na wengi waliokuwa mbele ya televizio juma lile waliona habari yake kama neno la pembeni. Na magazeti yale yale yalimgeukia Malkia Elizabeth, yakamwuliza kwa herufi kubwa kwa nini halii mbele ya watu. Yeye alikuwa Scotland pamoja na wajukuu wake wawili waliofiwa na mama. Tufikiri kidogo. Bibi anakaa na yatima, na wageni wanamdai aje kuwalilia wao! Lakini juu ya ile picha ya mwisho, walijizuia. Sisi, wenye kusema kila siku juu ya heshima ya wafu katika desturi zetu, hatukujizuia hata saa moja.

Je, twasema basi kwamba ni vibaya kumlilia mtu ambaye hukumjua uso kwa uso? Hapana. Hapa twatengana na wale wanaohubiri kwamba machozi ya Matonge yalikuwa wazimu wa vijana na pombe. Pombe ilikuwapo, kama katika kila matanga ya Kinshasa. Lakini mtu aliyeoa kwa nyimbo za Papa Wemba, aliyeimba sauti yake alipokuwa mkimbizi, aliyefika mjini bila ndugu na kupata rafiki wa kwanza kwa sababu wote wawili walipenda orkestra moja, mtu huyu amefiwa kweli. Wimbo umeingia nyumbani mwake kama mgeni anayekula pamoja nao. Wakongo walijua jambo hili zamani: Franco alipokufa Namur, katika Ubelgiji, mwezi wa kumi 1989, Zaire nzima ilikaa siku nne za kuomboleza, Tabu Ley alipokufa mwaka 2013, na King Kester Emeneya, aliyekulia katika Viva la Musica, mwaka 2014, watu walitoka tena. Waliokwenda kukaa chini penye makao ya Papa Wemba walishika sheria ya mlizi: walifika. Walijua jina. Waliimba nyimbo zake zenyewe. Hao ndio walizi, na tunawaheshimu.

Lawama yetu haiwaendei hao. Inawaendea waliokuja kuchukua kilio.

Mwili ulifika Kinshasa tarehe 28 mwezi wa nne. Uliwekwa katika Palais du Peuple ili watu wapite kuuaga; Rais Joseph Kabila alimpa marehemu nishani; na tarehe 4 mwezi wa tano, kisha Misa katika kanisa kubwa la Notre-Dame du Congo, alizikwa. Tukumbuke mwaka ule ulikuwa gani. Muda wa Rais ulikuwa unakwisha mwezi wa kumi na mbili, uchaguzi haukuonekana, na mji ulikuwa na hasira. Katika mwaka wa namna ile, maiti anayependwa na wote ni kitu cha thamani sana kwa wakubwa. Kila mkubwa alitaka kuonekana karibu na sanduku. Kila mmoja alitoa maneno ya sifa, na televizio ilimhesabu nani amekuja na nani hakuja, kana kwamba kilio ni kikao cha Bunge.

Na sifa zile zilikuwa za namna gani? Zilikuwa za mtu asiye na kasoro. Katika vilio vingi vya kwetu, mbele ya kufunga kaburi, mzee mmoja anasimama na kuuliza: Ni nani anayemdai marehemu? Ni nani anayedaiwa naye? Na watu wanajibu mbele ya wote. Hatumtukani maiti kwa kuuliza hivyo, tunamfungua. Papa Wemba alikuwa na mambo yake. Mwaka 2003 alikaa zaidi ya miezi mitatu gerezani katika Ufaransa, na mwaka 2004 mahakama ya Bobigny ilimhukumu kwa kusaidia watu kuingia Ulaya kwa njia isiyo halali, wakihesabiwa kuwa wanamuziki wake. Wengi Kinshasa walimwona mfadhili kwa jambo hilo hilo. Wengine walisema alichukua mali ya maskini. Yeye mwenyewe hakuona haya: alitoa wimbo mmoja na kuupa jina la namba ya mfungwa. Sasa, ikiwa marehemu mwenyewe aliimba juu ya kifungo chake, kwa nini waliomsifu walikiruka? Ni kwa sababu sifa hazikuwa kwa ajili yake.

Wenzetu mapadri, na ninyi mafrateri mtakaohubiri kesho, mnajua kwamba kanuni ya Misa ya maziko iliyotolewa mwaka 1969 inaagiza mahubiri, na inakataza kuyageuza kuwa sifa za marehemu. Wengi wanaona agizo hilo kuwa gumu. Familia inanung'unika: Padri hakumsema vizuri baba yetu. Lakini anayeombewa rehema anahesabiwa kuwa mtu anayehitaji rehema, na hiyo ni heshima ambayo nishani haina. Anayesifiwa tu, hakuna anayemwombea. Anapigiwa makofi, basi.

Kuna neno lingine, nalo linawahusu zaidi wasomaji wetu wa mashariki. Tarehe 20 mwezi wa tatu 2016, kama mwezi mmoja mbele ya Abidjan, Padri Vincent Machozi, wa shirika la Waasumpsionisti, aliuawa kwa risasi kule Vitungwe, karibu na Butembo. Alikuwa ameandika kwa miaka juu ya mauaji ya watu wa Beni, na kuonyesha picha zao ili dunia isiseme haikujua. Na mwanzoni mwa mwezi wa tano, katika siku zile zile ambapo watu walikuwa wakipita mbele ya sanduku la Papa Wemba, watu walikatwa kwa mapanga upande wa Eringeti. Tusidanganye: mwezi wa nane mwaka ule, kisha mauaji ya Rwangoma katika Beni, Serikali ilitangaza siku tatu za kuomboleza. Lakini wa Eringeti, ni nani katika mji mkuu anayejua hata jina moja lao?

Wengine husema: mnaona, watu wanamlilia mwimbaji, na wakulima wanazikwa kimya, kwa hiyo kumlilia mwimbaji ni dhambi. Sisi hatufikiri hivyo. Machozi si unga katika gunia, kwamba ukimpa huyu yule atakosa. Ila tumwangalie Padri Machozi na zile picha zake. Alitumia chombo kile kile. Naye alionyesha miili. Tofauti iko wapi? Aliandika majina. Aliandika kijiji, na siku. Alikuwa mtu wa mahali pale, alijua anamlilia nani, na alifanya kazi ya mlizi mpaka ikamwua. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kosa ni la chombo.

Tukiendelea, tutaona tunda lingine la picha isiyo na maneno. Siku chache tu kisha kifo, watu walianza kunong'ona: ni sumu, hapana, ni ulozi, angalieni kipaza sauti, angalieni nani alikuwa nyuma yake. Kila mmoja aliirudia filimu akitafuta mwuaji ndani yake. Makatekista wanaofanya kazi vijijini wanajua maneno hayo yanafika wapi: leo yanasemwa juu ya mwimbaji wa Abidjan, kesho juu ya bibi mzee wa nyumba ya tatu. Mtu wa miaka 66 anaweza kufa kazini. Lakini jicho likionyeshwa kifo mara mia bila kuambiwa habari za mtu, litaanza kujitungia habari, na mara nyingi habari hiyo itakuwa na mtu wa kushtakiwa.

Na sasa jambo hili limeshuka mpaka vilio vyetu vidogo. Maiti wa fundi viatu anafunuliwa uso, na mikono kumi inainuka ikiwa na telefone. Shemeji aliye Kolwezi anaona uso wa ndugu yake kati ya tangazo la bia na mchezo wa mpira, mbele ya mzee kumpigia. Kijana wa kwaya anageuza mgongo kwa altare ili apate picha nzuri ya sanduku. Hakuna ubaya moyoni mwake. Ameona kwamba vilio vya watu wakubwa vilifanywa hivyo, na anataka baba wa rafiki yake asikose heshima. Hapo kazi ya katekista ni rahisi kuliko anavyofikiri. Amwite yule kijana pembeni mbele ya Misa, kwa upole, amwulize kwanza kama familia ina ndugu wa mbali wasioweza kufika, na kama wamekwisha kupashwa habari na mzee. Wakiwa wamepashwa, apige picha moja ya kaburi na msalaba na watu waliosimama, awapelekee hao. Uso uachwe.

Juu ya Papa Wemba mwenyewe, anayetaka kumjua asiitafute filimu ya Abidjan. Iko nyingine, La Vie est belle, ya mwaka 1987, waliyoitengeneza Mweze Ngangura, mtu wa Bukavu, na Mbelgiji Benoît Lamy. Papa Wemba ndiye mchezaji wake mkubwa: mpiga muziki wa kijijini anayekwenda Kinshasa bila kitu kutafuta muziki wa umeme. Inachekesha, mahali pengine inachekesha kupita kipimo cha seminari, na ule mchezo wa mganga na mwenye mali wapaswa kuelezwa kwa wadogo. Inachukua karibu saa moja na nusu. Yafaa ionyeshwe jioni moja ya likizo, na kisha mafrateri waulizwe waliona nini.